Mwaka Niliopiga Sauti ya Pili

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Nzunda huko Mbozi, na katika mazishi yake nilisikia habari zangu zikisimuliwa kwa namna ambayo marehemu asingeikubali. Nilikuwa nimewasili asubuhi kutoka Tunduma, nikaketi upande wa wanaume chini ya turubai, sahani ya wali na maharage magotini, na nyuma yangu mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akawa anawaambia vijana wa bendi ya kanisa: "Mnamwona yule mwenye miwani, anayekula kama anasahihisha mitihani? Yule alipiga tarumbeta peke yake Pasaka moja. Peke yake, nawaambia! Bendi nzima ilinyamaza ikamsikiliza." Nilimtambua kabla sijageuka. Alikuwa Haonga, aliyekaa nami benchi moja mwaka ule wote. Vijana walinitazama kwa heshima nisiyoistahili, mmoja akanisogezea maji ya kunawa. Nilitaka kusema kwamba bendi haikunyamaza ili inisikilize, bali ilinyamaza kwa sababu haikuwa na namna nyingine. Lakini msibani mtu hakatizi sifa zinazosemwa, hata zikiwa zake mwenyewe. Niliendelea kula. Sahihisho nimerudi nalo nyumbani, na hapa ndipo ninapoliandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari na nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Mwalimu Nzunda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na kiongozi wa bendi ya kanisa, alinipa chumba nyumbani kwake, nami kwa upande wangu nikawa namsaidia kupalilia kahawa. Chumba changu kilipakana na jiko. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo moshi, harufu ya maharage na mazungumzo ya nyumba nzima vilipita juu yake na kunikuta kitandani. Mama Tumaini, mke wa Mwalimu, alijua hivyo. Alipotaka nisikie jambo bila kuniambia, alimwambia mumewe kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Baba Tumaini, kuna mtu katika nyumba hii anasoma vitabu mpaka anasahau kuku." Nami nilitoka nikawafungia kuku. Sijapata kuishi tena katika nyumba yenye siri chache kiasi kile, na sijui kama nyumba zetu za sasa, zenye kuta zilizofika juu, zimetufanya kuwa watu wema zaidi.

Mazoezi yalifanyika katika ghala la kahawa la kijiji, ambalo kabla ya mavuno huwa tupu. Ghala lile lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, harufu ya magunia ya katani, na ubao mweusi ambao Mwalimu aliandikia nyimbo kwa herufi za do, re, mi, kila sauti mstari wake. Hapakuwa na aliyejua nota za mistari mitano. Kila mmoja wetu alifundishwa do iko wapi kwenye chombo chake, na kutoka hapo akapanda na kushuka. Tarumbeta iliyokuwa nzima ilikuwa moja, na hiyo ndiyo iliyobeba sauti ya kwanza, yaani wimbo wenyewe. Walikuwapo wapigaji wa sauti ya tatu, tuliyoiita tena, alikuwapo Mwalimu mwenyewe na besi yake kubwa iliyomzunguka mwili, na katikati tulikuwapo mimi na Haonga, kila mtu na honi yake ya alto. Ni chombo kifupi, kinene, chenye sauti ya mtu anayezungumza akiwa na mafua.

Msomaji ambaye hajapiga sauti ya pili ya bendi sina budi kumweleza uchovu wake, maana ni uchovu wa aina ya pekee. Anayepiga wimbo hupanda mlima na kushuka. Wa besi naye ana hatua zake nzito za kujivunia. Wa sauti ya pili hukaa. Katika wimbo mmoja wa mazishi, ambao tuliupiga karibu kila juma msimu wa baridi, mstari wangu ulikuwa sol, sol, sol, sol, kisha fa moja, kisha sol tena mpaka mwisho wa ubeti. Niliisubiri fa ile kama mfungwa anavyosubiri dirisha lifunguliwe. Na kama wimbo ulikuwa wa mwendo, hata sol yenyewe hatukupewa nzima. Tulipiga vipande vyake baada ya kila pigo la besi, pa, pa, pa, pa, kutoka nyumbani kwa marehemu hadi makaburini, mlima na bonde, nyuma ya jeneza. Mdomo ulikufa ganzi. Akili nayo, ikiwa haina kazi, ilianza kufanya mambo ya ovyo. Nilihesabu matundu kwenye soksi za waliotangulia. Nilikariri mashairi, na mara moja nilimaliza safari nzima ya mazishi nikitunga kichwani hotuba dhidi ya sauti ya pili.

Haonga hakuwa na hotuba. Alikuwa mkulima wa miaka kama arobaini, mwenye watoto wengi na utani mwingi, na alipiga alto kama mtu anavyomenya viazi. Kati ya beti na beti alitoa mfukoni punje za mahindi ya kuchoma akatafuna, jambo ambalo Mwalimu alilikataza kila juma bila mafanikio.

"Haonga, hayo mahindi yatakwenda kwenye honi."

"Yakienda, Mwalimu, yatatoka yakiwa bisi."

Nilipomlalamikia kwamba nimechoka na sol, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mdogo wangu, wewe umesoma sana, ndiyo maana. Mimi sol inanipumzisha. Nyumbani kila mtu ananiuliza kitu. Hapa hakuna anayeniuliza chochote isipokuwa sol, na sol ninayo."

Watu hupenda kusema kwamba katika bendi hakuna sauti kubwa wala ndogo. Wachungaji huyasema maneno hayo madhabahuni, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nimewahi kuyasema mbele ya wanafunzi. Lakini kwa kawaida nimeyasikia kwa wale wanaopiga sauti ya kwanza. Kwetu sisi aliyeipiga alikuwa Amoni Simbeye, mfanyabiashara kijana wa mahindi aliyekuwa na kibanda Mlowo na kwenda Tunduma kila mara. Alivaa viatu vyenye ncha na kutusalimu kwa Kibemba alichokiokota mpakani. "Mulishani, Bwana Sol!" aliniambia kila alipoingia ghalani. "Leo umejiandaa? Leo ni ngumu. Leo kuna fa mbili." Bendi nzima ilicheka, Haonga akiwa wa kwanza. Kisha Amoni alifungua kisanduku cha tarumbeta, akapuliza kwa uvivu, na ghala likajaa kitu kizuri kiasi kwamba nilimchukia kwa dakika kadhaa. Hakuwa mtu wa mazoezi. Alichelewa, alikosea beti, alitania wakati wa sala. Lakini alikuwa na wimbo, na mwenye wimbo husamehewa mengi.

Siku moja mwezi wa pili, wakati wa chakula cha jioni, nilijipa ujasiri. Tulikuwa tunakula ugali na maharage yaliyoungwa kwa karanga, taa ya chemli kati yetu. Nilimwambia Mwalimu kwamba ningependa kupiga sauti ya kwanza. Mama Tumaini aliacha kutafuna. Mwalimu alilifinyanga tonge lake polepole, kama kwamba ombi langu lilikuwa ndani yake.

"Amoni ana shida gani?"

"Hana shida, Mwalimu."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kupiga kitu."

Hakukasirika. "Vizuri. Siku Amoni atakapokosekana, na wewe ukawa unaijua sauti ya kwanza sawasawa, utapiga. Na ukiipiga sawasawa, mtabadilishana zamu. Ila uijue."

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Tangu kesho yake nilibeba honi yangu ya alto hadi shambani, nikaitundika kwenye tawi la mti wa kahawa, na kila nilipomaliza safu moja ya kupalilia niliketi kwenye majani nikapiga mistari ya sauti ya kwanza niliyoinakili ubaoni. Nilipiga nyimbo zote za Kwaresima, zote za Pasaka, zote za mazishi. Honi ile, ambayo kwa miezi ilikuwa imefungiwa kwenye sol, ilifanya vituko ilipoachiwa kupanda, lakini ilizoea, na mimi nilizoea. Haonga, ambaye shamba lake lilipakana na la Mwalimu, alisimama siku moja kwenye mpaka na jembe begani akasikiliza mpaka mwisho. "Mwenzangu," alisema, "hata ng'ombe wangu wameacha kula." Sikujua kama ni sifa. Aliongeza: "Siku Amoni akikwama huko kwake, nitakutaja." Kufika mwisho wa mwezi wa tatu sikuwa na shaka hata kidogo kwamba naijua sauti ya kwanza. Nilichosubiri ni Amoni kukosekana tu, na nililala nikilisubiri hilo, na niliamka nikilisubiri.

Kanisani kwetu tulikuwa na desturi ambayo nasikia bado ipo. Tangu ibada ya Ijumaa Kuu inapokwisha, vyombo havipigwi. Hakuna mazoezi, hakuna hata kujaribu mdomo. Kijiji kinakaa kimya mpaka alfajiri ya Pasaka, waumini wanapokusanyika makaburini na majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita yanaposomwa. Baada ya jina la mwisho, sauti ya kwanza ya chombo kusikika ni tarumbeta. Inapiga mstari mmoja wa wimbo wa ufufuko peke yake, kisha bendi nzima inaingia, na watu wote wanaimba. Kila mtoto wa kijijini kwetu aliungoja mstari ule. Wazee walisema mwaka umeanza hapo.

Alfajiri ile Amoni hakuonekana. Ukungu ulikuwa mzito, matope yalishika viatu, na tulisimama kati ya makaburi tukinong'ona. Mtu mmoja aliyetoka Mlowo alisema Amoni alikuwa bado Tunduma, lori lake la mahindi limeshikwa kwenye foleni ya mpakani, na hana njia ya kurudi. Mchungaji alikuwa tayari anasoma majina. Tarumbeta ilikuwa kwenye kisanduku chake, miguuni pa Mwalimu.

"Huyu hapa," alisema Haonga, akinisukuma begani. "Anaijua yote. Nimemsikia kahawani."

Mwalimu, ambaye besi ilikuwa tayari imemzunguka, aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. "Unaijua?"

"Naijua, Mwalimu."

Wala haukuwa uongo. Nilichukua tarumbeta, na kwa kuwa desturi ilikataza, sikuijaribu. Jina la mwisho lilisomwa. Nikapuliza.

Mstari wangu wa kwanza ulitoka safi. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ndio mstari pekee wa asubuhi ile uliokwenda kama ilivyopangwa. Ulitoka safi, lakini ulitoka chini. Nilikuwa nimeujifunza wimbo kwenye alto, ambako do hupigwa bila kubonyeza kitufe chochote, nami nikadhani do ni do popote. Lakini tarumbeta ina do yake mahali pengine. Nilipopuliza bila kubonyeza, nilianza wimbo mahali ambapo bendi haikuwepo. Bendi ikaingia ilikozoea. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja palisikika kitu kama malori mawili yakipigiana honi kwenye barabara nyembamba. Mwalimu akainua mkono. Wa tena wakanyamaza, besi ikanyamaza, Haonga akanyamaza. Mimi nilitaka kunyamaza pia, lakini watu walikuwa wameshaanza kuimba, nao walikuwa wameshika pale nilipoanza mimi. Ile sauti ya chini iliwafaa. Koo zilikuwa na baridi ya alfajiri, akina bibi hawakulazimika kupanda, wanaume waliimba kwa kifua kizima. Haonga alinikaribia sikioni. "Endelea," alisema, "endelea, usituache uchi."

Niliendelea beti zote. Katika bendi mtu akivuta pumzi, wenzake humfunika, hakuna anayejua. Asubuhi ile kila nilipovuta pumzi palikuwa na shimo, na ndani ya shimo lile nilisikia mamia ya watu wakiimba katika ukungu, wengine wakilia, na mara nikarudi juu yao na wimbo. Masikio yalivuma. Sina haja ya kuficha kwamba nilifurahi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu furaha tangu siku ile, vingine vya watu wenye hekima kunipita mimi, na bado ninapoulizwa maana yake hurudi kwanza pale, kwenye matope, nikipiga mahali pasipo sahihi.

Nyumbani kwa Mwalimu chai ya Pasaka ilikuwa tayari: maziwa mengi, viazi vitamu vya kuchemsha, maandazi na kuku ambaye Mama Tumaini alikuwa akimnenepesha tangu mwaka mpya. Nilipita sebuleni nikishikwa mikono na watu nisiowajua. Bibi mmoja alinibusu viganja. "Mjukuu wangu, mwaka huu mmetufanyia jambo. Ile ya tarumbeta moja, bendi ikae kimya, nani aliwaza?" Nilisema ahsante. Kisha niliingia chumbani kwangu kubadili viatu, nikaketi kitandani, na juu ya ukuta yakanijia mazungumzo kutoka jikoni. Mzee Mgalla, mzee wa kanisa, alikuwa amemfuata Mwalimu huko.

"Baraza limefurahi, Mwalimu. Tunataka iwe hivyo kila Pasaka. Na huyu kijana mpe tarumbeta moja kwa moja. Amoni ana biashara zake."

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Watu wamelia!"

"Amekosea, Mzee. Alianza mahali pasipo pake. Nilinyamazisha bendi ili tusiwaudhi wafu."

"Mbona sisi hatukusikia kosa?"

"Ninyi hamna njia ya kulisikia. Si kazi yenu. Ni kazi yetu sisi."

"Sasa kosa ambalo hakuna aliyelisikia lina ubaya gani?"

Kijiko kiligonga kikombe. "Mzee Mgalla," alisema Mwalimu, "nikimpa chombo kwa sababu mmelia, kesho atataka mlie tena. Na mimi nitakuwa nimemfundisha kuwasikiliza ninyi badala ya kuisikiliza bendi."

"Wewe ni mgumu, Nzunda."

"Kunywa chai, Mzee, inapoa." Na Mama Tumaini, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema: "Na aliyeko chumbani naye aje anywe, kuku hajamkosea kitu."

Sikwenda. Nilikaa pale nikimchukia Mwalimu pamoja na haki yake yote. Ningekuwa nimeshindwa mbele za watu ningevumilia. Lakini nilikuwa nimeshinda, kijiji kizima kilikuwa shahidi, na mtu mmoja mwenye masikio alikuwa amekataa. Leo naongoza shule, na kila mwaka wazazi na wakubwa hunisifia mambo ninayojua hayakufanyika vizuri: darasa lililopakwa rangi kabla ya mgeni, kwaya iliyofundishwa wimbo mmoja wa kumpokea. Huzipokea sifa hizo kwa adabu. Lakini zikishapita hujiuliza ni nani, kati ya waliopo, mwenye njia ya kusikia, na siku nyingi jibu ni kwamba aliyekuwa nayo amekaa kimya kwa sababu hakuulizwa. Mwalimu naye hakuulizwa. Alijibu hata hivyo.

Jumatatu ya Pasaka, jioni, aliniita ghalani. Tulikuwa wawili tu. Alinipa tarumbeta, yeye akachukua besi.

"Piga do."

Nilipuliza, kama nilivyopuliza makaburini. Yeye akapiga do yake. Sauti mbili zilikwaruzana ndani ya ghala tupu mpaka nikaishusha tarumbeta.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Asubuhi ile hukusikia?"

"Nilisikia, Mwalimu. Lakini watu walikuwa wanaimba."

Aliiweka besi chini, akaja mbele yangu, akakishika kidole changu cha shahada akakiweka juu ya kitufe cha kwanza. "Bonyeza. Piga." Nikabonyeza, nikapiga. Alirudi kwenye besi akapiga yake, na safari hii sauti zile mbili zilikaa pamoja, moja juu ya nyingine, kama mtu na kivuli chake. Kilichokuwa kati yangu na bendi yote kilikuwa kidole kimoja.

Nilidhani sasa ataniachia chombo. Nilikuwa nimeshaanza kupanda, re, mi, nikitafuta vidole. Aliningoja nifike fa, kisha akanyoosha mkono. Nikampa. Aliifuta tarumbeta kwa kitambaa, akailaza kwenye kisanduku, akafunga.

"Amoni amerudi. Alhamisi tuna mazoezi."

"Mwalimu, watu walifurahi."

"Walifurahi. Hata mimi nilikaribia kufurahi." Alisimama na kisanduku mkononi, akaonekana mzee kuliko nilivyomjua. "Ulisema unaijua. Sasa umeanza kuijua. Mimi nilikuahidi zamu ukiipiga sawasawa, si kabla."

Barua ya chuo ilifika kabla Amoni hajakosekana tena, kwa hiyo sikupata zamu niliyoahidiwa, na sikuipata maisha yangu yote. Lakini Alhamisi ile nilikwenda. Amoni aliingia na viatu vyake, akanipa mkono. "Mulishani, Bwana Sol! Nasikia umeniibia kazi." Watu walicheka, mimi pia, kwa taabu. Akafungua kisanduku, akapuliza mstari wa kwanza kivivu kama kawaida yake, na bendi ikaingia, Haonga akiwa na mahindi shavuni. Nami nilipiga sol, sol, sol, kisha fa, kisha sol. Haikuwa imebadilika hata kidogo. Ilikuwa kavu vilevile na ndefu vilevile, na anayesema nilijifunza kuipenda hanijui. Nilikuwa natazama mkono wa Amoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa chini, pale hasa kinapotakiwa kuwa, bila hata yeye kukifikiria, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Mbozi nilimwonea wivu nikijua ninachomwonea.